Muulize Fundi: TB Moja, Vitu Viwili

Fundi, shikamoo. Nina Subaru Forester ya 2004, injini EJ20. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na sasa imefika kilomita 162,000. Nilieleza hali yake mtandaoni nikaomba ushauri kabla ya safari ndefu. Jamaa mmoja anayeheshimika kwa kuzijua Subaru akanijibu kwa mstari mmoja tu: "TB, WP na tensheni kwanza. HG kagua. Mengine baadaye." Niliona aibu kumuuliza. Nikatafuta mwenyewe TB ni nini, nikapata throto bodi, nikainunua na kufungiwa. Nilipomtumia picha kumshukuru, akaniambia nimetoa kitu kizima na kuacha chenye hatari. Nimeumia sana. Ninyi hizi herufi mnazielewaje?

Marahaba, kijana wangu, na pole. Kabla sijajibu swali lako, safari hiyo iahirishe. TB aliyoisema jamaa yako ni mkanda wa taimingi, na mkanda uliomo ndani ya gari lako leo ni uleule uliokuwamo kabla hujatoa pesa yako.

Mkanda huo ndio unaounganisha mzunguko wa krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua vali, ili vali zifunguke na kufunga pistoni ikiwa mahali pake. Kwenye injini nyingi za ukoo wa EJ, pistoni na vali hupishana kwa nafasi ndogo sana. Mkanda ukikatika injini ikizunguka, pistoni hupanda na kuzikuta vali ziko wazi, zikagongana. Hapo suala si mkanda tena, ni kufungua hedi, yaani kichwa cha injini, na kuhesabu vali zilizopinda. Injini nyingi za mkanda hutakiwa kubadilishiwa karibu na kilomita 100,000, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Wewe uko 162,000, wala hujaniambia kama aliyekuuzia aliwahi kuugusa. Ndiyo maana jamaa aliuweka wa kwanza.

Sasa usome tena mstari wake. WP ni pampu ya maji. Kwenye EJ pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo wa taimingi, na huwezi kuifikia bila kuuvua. Tensheni ndiyo inayoukaza. Vitu hivi 3 vinakaa nyuma ya kava moja, na kazi kubwa ni kuifikia hiyo kava, kwa hiyo mafundi huvibadilisha kwa siku moja. Throto bodi iko kwingine kabisa, kwenye njia ya hewa inayoingia injini, na haina undugu wowote na pampu ya maji. Herufi huelezwa na majirani zake. Daktari akiiona TB karibu na neno kikohozi anajua ni kifua kikuu. Mimi nikiiona karibu na WP najua ni mkanda. Angekuandikia "TB ina masizi, isafishe", ningejua ni throto bodi, kwa kuwa mkanda wa taimingi hausafishwi, hubadilishwa.

HG ni gasketi ya hedi, na uzingatie kwamba alisema kagua, hakusema badilisha. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, kama kuna mapovu kwenye kikopo cha maji injini ikiwa ya moto na inanguruma, na kama chini ya hedi kuna unyevu wa oili. Kikopo usikifungue injini ikiwa moto, mapovu yatazame kutoka nje. Usipoona kitu, muda wako wa HG bado.

Ile aibu uliyoitaja ndiyo ninayotaka kuizungumza zaidi. Kabla ya kuandika kwenye ukurasa huu nilikaa nyuma ya kaunta ya spea miaka 19. Nimewapokea watu wazima, wenye kazi zao za heshima, wakininyooshea kikaratasi chenye herufi 2 bila kuthubutu kusema hawajui maana yake. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja alikuja na kikaratasi cha TC. Nikampa cheni ya taimingi, kwa kuwa asubuhi hiyo nilikuwa nimeshauza mbili. Fundi wake alitaka toki kanvata ya giaboksi. Mama yule alirudi siku ya tatu na cheni mkononi, gari bado liko juu ya stendi, na mimi ndiye niliyekosea, si yeye. Tangu siku hiyo sikuwahi kumuuzia mtu kitu kwa herufi peke yake. Nilikuwa nauliza: hicho kitu kinakaa sehemu gani ya gari, kinafanya kazi gani, na umeona dalili gani hadi ukakitafuta? TC inaweza kuwa cheni, toki kanvata, au mfumo unaozuia tairi zisizunguke bure kwenye utelezi. Maswali hayo yanazitenganisha zote kabla mtu hajafungua pochi.

Muulize jamaa yako maswali hayohayo. Anayeijua Subaru kweli atafurahi kuulizwa. Na throto bodi yako ya zamani usiitupe, ni nzima.

*

Fundi, naomba unisaidie kuchagua kati ya magari 3. La kwanza wameandika 110 kW, la pili 150 PS, la tatu 148 hp. Mume wangu anasema la pili ndilo lenye nguvu na hataki kusikia jingine.

Dada yangu, injini zote 3 zina nguvu ileile. PS ni kipimo cha nguvu za farasi kwa hesabu ya Wajerumani, wati 735.5. Ile hp ni farasi wa Waingereza, na yeye ana wati 745.7. Farasi wa Mwingereza ni mkubwa kidogo, kwa hiyo wanahitajika wachache zaidi kuvuta mzigo uleule. Nayo kW ni kilowati, yaani wati 1,000. Zidisha kW kwa 1.36 upate PS: 110 inakupa 149.6, nao wameipandisha hadi 150. Mwonyeshe shemeji hesabu hiyo, kisha mkaangalie uzito wa kila gari na hali yake.

*

Toyota yangu ina VSC. Rafiki yangu mwenye BMW anasema yake ina DSC, ambayo ni bora zaidi. Tangazo jingine linasema ESP. Ipi ni ipi?

Ni kitu kimoja chenye majina mengi. Gari likianza kwenda upande ambao usukani haukulituma, kompyuta hukamata breki ya tairi moja, ile inayofaa, na kupunguza nguvu ya injini hadi gari lirudi kwenye mstari. Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza mfumo huo kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1995 kwa jina la ESP. Waliofuata walitaka kila mmoja jina lake: Toyota VSC, Honda VSA, BMW DSC, Nissan na Subaru VDC. Ukitaka jina lisilo la kampuni yoyote, ni ESC. Ubora hutofautiana kati ya gari na gari na kati ya miaka na miaka, ila herufi hazikuonyeshi tofauti hiyo. Afadhali ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki, ambayo imebaki na jina moja karibu kila mahali tangu ilipoingia kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978.

*

Fundi, kifuniko cha mafuta ya breki kwenye gari langu kimeandikwa DOT 4. Dukani nimekuta DOT 5 na DOT 5.1, na muuzaji anasema namba kubwa ndiyo bora. Halafu jana nimeona tairi zangu nazo zimeandikwa DOT. Je, tairi na mafuta ya breki vinahusiana?

Ninakushukuru kwa kuandika kabla ya kumimina. Hili naomba msomaji mwingine yeyote mwenye chupa mkononi alisome pole pole.

DOT ni herufi za Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Wao huweka viwango vya vitu vingi vya gari, na vingi vinavyofuata viwango vyao hupigwa herufi hizo. Undugu wa tairi na mafuta ya breki unaishia hapo.

Upande wa breki, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja, zimetengenezwa kwa glaikoli. Namba inapopanda, kiwango cha chini cha joto la kuchemka nacho hupanda: DOT 3 ikiwa mpya isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 nyuzi 230, DOT 5.1 nyuzi 260. Glaikoli hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikishalowa viwango hivyo hushuka hadi 140, 155 na 180. Mafuta yakichemka kwenye bomba la breki huzaa mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama bado yamejaa.

DOT 5 ni kitu kingine kabisa. Ni silikoni. Hainyonyi maji, haichanganyiki na glaikoli, na haikukusudiwa kuwekwa kwenye mfumo wako. Jina lake limekaa kati ya 4 na 5.1 kana kwamba ni ngazi moja ya ndugu hao, na hapo ndipo watu wanapopotea. Aliyeyapa majina haya mafuta mawili hakutufanyia wema. Muuzaji aliyekuambia namba kubwa ndiyo bora angekupa DOT 5 kwa moyo safi, nawe ungekwenda nyumbani na breki zisizoaminika. Kwa gari linalotaka DOT 4, nunua DOT 4. DOT 5.1 inaweza kuchanganyika nayo. DOT 5 iache dukani.

Kwenye tairi, tafuta tarakimu 4 za mwisho katika mstari unaoanza na DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, inama uangalie upande wa ndani, kwa sababu mstari kamili mara nyingi hupigwa ubavu mmoja tu. Ukikuta tarakimu 3, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na gari lisitoke nalo barabarani.

*

Fundi, shikamoo. Nimeona tangazo hili: "MX-5 1.6 NA TURBO, JDM, LHD, FR, LSD, FSH, OBO." Nilisoma "1.6 na turbo" nikaona ni sawa. Rafiki yangu akaniambia NA maana yake ni injini isiyo na turbo. Sasa inakuwaje gari lisilo na turbo liwe na turbo? Nalipenda sana gari hili.

Marahaba. Rafiki yako hajakosea, ila hapa si hivyo. Kwa kawaida NA ni injini inayovuta hewa yenyewe bila kusukumiwa na turbo. Kwa wapenzi wa Mazda MX-5, NA ni toleo la kwanza la gari hilo, lililotoka mwaka 1989, na lililofuata ni NB. Kiwandani toleo la NA halikufungwa turbo. Kwa hiyo tangazo linasema ni MX-5 ya toleo la kwanza na kuna mtu ameiongezea turbo baadaye. Muulize ni nani aliyeifunga, na kompyuta ya injini ilirekebishwa na nani. Injini iliyosukumiwa hewa zaidi bila kupewa petroli zaidi huunguza pistoni zake.

FR ni injini mbele na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, jambo ambalo ni kweli kwa kila MX-5. FSH ni kumbukumbu kamili za sevisi, na hizo lazima uzione kwenye karatasi. OBO inakuambia bei inazungumzika.

Kinachonisumbua ni JDM kukaa pembeni ya LHD. JDM ni gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, si kila gari lenye jina la Kijapani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, na gari hili waliliuza kwao likiwa na usukani wa kulia, kwa jina la Eunos Roadster. LHD ni usukani wa kushoto. Angalia namba ya chesisi: ya Japani yenye injini ya 1.6 huanza na NA6CE. Ukikuta namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, gari hilo lilitengenezwa kwa soko la nje. Linaweza kuwa gari zuri, ila muuzaji analiita jina lisilo lake, nawe una haki ya kuuliza ni nini kingine alichokitaja bila kukijua.

Anza na LSD. Difu ni gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, na LSD ni difu inayozuia tairi moja isizunguke peke yake wakati nyingine imekwama. Zuia tairi za mbele, inua nyuma yote kwenye stendi, injini imezimwa, gia iwe fri, hendibreki iwe chini. Zungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ikifuata upande uleule, mara nyingi LSD ipo na inafanya kazi. Ikizunguka kinyume, difu ni ya kawaida au LSD imechoka, na hilo litoe kwenye bei kabla hujafika kwenye OBO yake.