Usiharakishe Kufika Kwenye Haleluya

Juzi binti mmoja wa Makambako ameniandikia. Mama yake amefariki, anamtungia wimbo, lakini kila akijaribu kuufikisha kwenye ushindi, maneno yanamgomea. Mdogo wangu, usiyalazimishe.

Tulipomzika kaka yangu kule Tukuyu, mvua haikukatika tangu usiku wa mkesha. Kwaya yetu iliimba nyimbo za shangwe, kinanda na spika vikivuma, mama hakuinua hata uso. Umeme ulipokatika, bibi mmoja akaanzisha wimbo wa Kinyakyusa kwa mdomo mtupu, besi zikamwingilia taratibu kwa chini. Ndipo mama akalia. Alikuwa hajalia tangu apewe habari.

Nikatunga wimbo wa namna hiyo. Kamati ya kwaya ikasema unahuzunisha waumini. Prodyuza mmoja hapa Mbeya mjini akataka apandishe biti na kufuta beti mbili za mwanzo, nami nikachukua daftari langu nikaondoka. Inaniuma mpaka leo, maana Biblia tunayosoma ni moja. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na inaanza kwa kumwuliza Mungu hata lini. Ya 88 inaishia gizani kabisa! Mwaka 1932 Thomas A. Dorsey, mtunzi wa nyimbo za injili wa Marekani, alikuwa mjini St. Louis kwenye mkutano wa injili, ikamfikia telegramu kwamba mkewe Nettie amefariki kwa uzazi huko Chicago. Mtoto naye hakukaa. Wimbo alioutunga katika kilio kile ni wa mtu aliyechoka, anayeomba kushikwa mkono. Hatangazi ushindi wowote.

Wimbo wangu sasa unaimbwa misibani kuanzia Kyela hadi Mbalizi. Watu wananipigia simu kuomba maneno yake, nami namshukuru Mungu.

Basi mwandike mama yako alivyokuwa: sauti yake akikuita, shamba lake la mahindi, kitenge alichopenda. Imba kwanza bila kinanda. Waimbaji wenzangu, tuache kuwakemea wafiwa kwa nyimbo! Anayemlilia Mungu bado anamwamini, la sivyo angemlilia nani? Tumaini liweke pale utakapoweza kulitamka mwenyewe bila kusitasita, hata likiwa mstari mmoja. Lisipokuja, wimbo uishie kwenye swali. Urekodi kwa simu unitumie, tuutafutie besi.