Nani alishuka kilomita 100 akapima?

SWALI: Asalaam alaykum. Mwanangu skuli kafundishwa kuwa milima inatokana na mabamba ya ardhi kugongana, na eti kuna mawe yalizama mpaka kilomita 100 yakarudi juu. Nani kashuka huko akapima? Na mbona huku Pemba hatuyaoni? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hakuna aloshuka, shimo la Kola kule Urusi, refu kupita yote kwenda chini, limeishia kilomita 12 na kidogo. Jiwe lenyewe ndo linasema. Basalti, lile jiwe jeusi la volkano, ya chini ya bahari ikizama na bamba lake mpaka kilomita 50 hivi, madini yake yanajipanga upya bila jiwe kuyeyuka, linatoka eklojaiti, zito, la kijani, lina vidonge vyekundu vya madini yaitwayo ganeti. Unga ule ule wa ngano, huku chapati kule boflo.

Sasa ushahidi ninaoupenda mie: mwaka 1984 Mfaransa Christian Chopin alitizama kwa maikroskopu ganeti za Dora Maira, Alps upande wa Italia, akakuta ndani yake koesaiti, yaani kwatzi (madini yalojaa kwenye mchanga) ilobanwa mno, na haitokei huko ardhini mpaka ufike kama kilomita 90. Tena kila chembe imezungukwa na nyufa zilotawanyika kila upande, manake jiwe lilipopanda koesaiti ikaanza kurudi kuwa kwatzi, ikavimba, ikaipasua ganeti. Na lile ni jiwe la bara, si la bahari! Watu walikuwa wanaona bara ni jepesi mno haliwezi kuzama, kumbe bamba la bahari likizama linalivuta, kisha wepesi ule ule unalirudisha juu, na hapo ndo milima inainuka.

Pemba hamuyaoni kwa sababu mnakanyaga matumbawe na udongo wa juzi tu. Ila huko Tanzania bara, kilima cha Yalumba kwenye ukanda wa mawe ya kale wa Usagara, ipo eklojaiti ya miaka bilioni 2 hivi. Milima ya wakati ule ishaliwa na mvua zamani, lakini lile jiwe linatosha kujua kuwa pale bamba lilizama.

Mwambie mwanao asibabaishwe na ganeti peke yake, Uluguru na Usambara zimejaa tele na mengi ya mawe yake ni ya joto kali zaidi, si eklojaiti. Atafute na ule ukijani wa omfasaiti, yaani yale madini ya kijani ya eklojaiti, viwe pamoja.