Maswali na majibu: "Mimi si mweusi, ni indio"

Niliandika majuzi kuhusu rangi na asili katika Jamhuri ya Dominika, na maswali yakanijia kwa wingi. Nimechagua matano.

*Shikamoo mama. Naishi Bronx. Jirani yangu Mdominika ni mweusi kama mimi, lakini anasema yeye si mweusi, ni "indio". Anamdanganya nani?*

Marahaba, mwanangu. Hadanganyi mtu. Anatumia neno alilolikuta nyumbani, na ambalo kwa miaka mingi liliandikwa hata kwenye kitambulisho cha taifa. Indio ni mwenyeji wa asili, yaani Mtaino aliyekuwapo kabla ya Columbus. Katika miongo michache baada ya 1492, magonjwa na kazi za shokoa ziliwamaliza Wataino karibu wote. Waliolima miwa badala yao waliletwa kutoka Afrika. Hata hivyo, jina la waliokufa likageuzwa kuwa jina la rangi: indio claro kwa mweupe kidogo, indio oscuro kwa aliyekoza.

Sisi tukisema mtu ni maji ya kunde, tunataja rangi tu. Indio hutaja rangi na papo hapo hukubadilishia babu. Usimcheke jirani yako. Mimi ni mtu wa pwani, na wakati wa ukoloni wengi wetu tulibadili kabila tulilojiandikisha, Mswahili leo, Mshirazi kesho, kwa kuwa kila daraja lilikuwa na faida zake.

*Dada, chuki dhidi ya Wahaiti inatoka wapi, na wote wanaishi kisiwa kimoja?*

Upande wa Ufaransa, ambao leo ni Haiti, ulikuwa na watumwa karibu nusu milioni. Upande wa Hispania ulikuwa maskini, wenye ng'ombe wengi kuliko miwa, na watu walichanganyika sana. Haiti ilitawala kisiwa kizima kuanzia 1822 hadi 1844. Ndiyo maana Wadominika husherehekea uhuru wao kutoka kwa Haiti, tarehe 27 Februari. Kinachosahaulika ni kwamba utawala huohuo wa Haiti ndio uliofuta utumwa upande wao.

Baadaye wanasiasa wakaifanya "mweusi" na "Mhaiti" kuwa neno moja. Oktoba 1937 dikteta Rafael Trujillo aliamuru Wahaiti waliokuwa maeneo ya mpakani wauawe. Maelfu walikatwa kwa mapanga, wakiwemo waliozaliwa palepale. Inasimuliwa kwamba askari walimtaka mtu atamke perejil, jina la kiungo cha mboga, na ulimi wake ukishindwa ile "r", ndiyo basi. Najiuliza kila mara: kama ngozi ingetosha kuwatenganisha, ulimi wa nini?

Na usidhani ni ya kale. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba watoto wa wahamiaji wasio na vibali, waliozaliwa nchini tangu 1929, hawakustahili uraia. Sheria ya 2014 ilirekebisha kidogo. Kumwambia bibi aliyezaliwa na kuzeekea hapo kwamba hana nchi ni ukatili, na silioni jina jingine.

*Ni kweli Trujillo mwenyewe alijipaka poda?*

Kweli. Alijipaka ili aonekane mweupe. Bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Haiti.

*Saluni za Kidominika hapa New York zinasifika kwa kunyoosha nywele. Lakini mara mbili nimeambiwa zangu ni "pelo malo". Nikasirike?*

Una haki. Maana yake ni "nywele mbaya", yaani kipilipili. Za singa ndizo "nzuri". Ufundi wao wa rola, draya na brashi ni wa kweli, nami nauheshimu. Ila ulikuzwa na nchi ambako msichana hurudishwa nyumbani kutoka shuleni au kunyimwa kazi kwa sababu ya nywele alizozaliwa nazo. Mwaka 2014 Carolina Contreras alifungua saluni ya nywele za asili, Miss Rizos, katikati ya Santo Domingo. Ukipita huko, ingia.

*Mimi ni Mkongo. Kuna chochote chetu kilichobaki kule?*

Kipo, ndugu yangu, na hata jina lenu lipo. Huko Villa Mella, kandokando ya Santo Domingo, kuna chama cha Roho Mtakatifu wa Kongo, ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2001. Wanachama wake hupiga ngoma ziitwazo congos kwa ajili ya marehemu wao, na katika nyimbo zao wanaimba Kalunga. Kwa Wakongo, Kalunga ni maji yanayotenga walio hai na waliotangulia.

Kisha kuna chakula. Mbaazi huitwa guandules, neno ambalo wataalamu wa lugha hulihusisha na wandu la Kikongo. Hupikwa pamoja na wali, na upande wa Samaná hutiwa tui la nazi. Kwetu Mombasa, mbaazi za nazi huliwa asubuhi kwa mahamri.