Nyongeza ya mshahara haiombwi kwa kupenyapenya

SUALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mhudumu wa hoteli Nungwi, Zanzibar, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mishahara yetu haijaongezwa kwa miaka mitatu. Kila mtu huenda kwa meneja kivyake. Wawili wameongezewa kidogo na wakaagizwa wasiseme. Tufanyeje ili tupate sote? Je, tunaweza kugoma?

JIBU: Waalaykum salaam. Huko kuagizwa kunyamaza ndiko kunakowaumiza, kwani nyongeza ya siri humgharimu mwajiri kidogo, na huku nyinyi mkibaki mnatiliana shaka. Itisheni mkutano wa tawi, kila mmoja aje na karatasi yake ya mshahara, na anayeona haya alikunje jina lake kwa ndani. Zikishatandazwa mezani, mtaona wenyewe kama mpishi wa miaka saba analingana na aliyeingia juzi, na hapo dai litapata namba badala ya manung'uniko.

Kisha jihesabuni. Wahudumu peke yao hawatoshi. Wafuateni wafuaji nguo, watunza bustani na walinzi wa usiku, ambao mara nyingi husahauliwa kwa sababu zamu zao hazikutani na za wengine. Dai liwe moja, liandikwe na chama, litaje kiwango na tarehe ya kuanza, na lipelekwe na wajumbe wasiopungua watatu ili asipatikane wa kuitwa pembeni.

Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake za kazi. Barua iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam, yenye vifungu vya sheria ya Bara, itakataliwa hata kabla ya kujadiliwa. Yenu ni Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1, zote za Zanzibar za mwaka 2005.

Wakati nao una uzito. Mkidai katikati ya masika, mtaambiwa vyumba vitupu, na kwa kweli huwa vitupu. Mimi ningepeleka barua mwishoni mwa Mei, wakati wageni wa Julai na Agosti wameshaweka nafasi na meneja hataki fujo.

Kuhusu mgomo, wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma mwaka 1948 wakidai maslahi, na nguvu yao ilizidi pale wafanyakazi wengine mjini walipowaunga mkono. Leo, hata hivyo, mgomo una utaratibu wake: majadiliano kwanza, kisha usuluhishi, kisha notisi. Mkiuruka utaratibu huo mtampa mwajiri sababu ya kuwafukuza. Kwa sasa zipo njia nyepesi, kama vile nyote kuvaa utepe wa rangi moja kazini, au kukusanya saini za wafanyakazi wote na kuziambatanisha na barua.

Wale wawili msiwatenge. Waombeni waje mkutanoni na karatasi zao, kwa sababu kiwango walichopewa ni ushahidi kwamba fedha ipo.