Usimnyanyue mtoto kumweka mtini, apande mwenyewe au abaki chini

Mleta uzi, weka kwanza hiyo ngazi chini. Umeandika kwamba kijana wako wa miaka sita anauogopa mwembe wa hapo uani, kwa hiyo Jumamosi utamnyanyua umkalishe tawi la kwanza "azoee", halafu ngazi ibaki pale awe anapanda mwenyewe. Nimesoma tumbo likanikata. Mimi wangu nilimkalisha hivyohivyo, na mkono wake wa kushoto mpaka leo haunyooki sawasawa.

Akili hiyo sikuitoa kichwani mwangu. Nilipewa na shemeji yangu, mtu wa kusoma vichwa vya habari kisha anazunguka kwenye nyumba za watu kuhubiri. Alikuja na habari za Norway: kule watoto wanapanda miti, wanachonga kwa visu, ndiyo maana hawaogopi maisha, sisi huku tunalea mayai. Nami nilishachoka kumwona mtoto anashinda ndani ya geti na katuni zake, maneno yakaniingia. "Mnyanyue tu shemeji, woga utamtoka hukohuko juu." Woga haukutoka. Kilichotoka ni mfupa, tena mahali pake.

Tawi lilikuwa usawa wa kichwa changu, na mimi si mrefu. Nikamkalisha, akacheka, nikatoa simu nimpige picha. (Ndiyo, simu. Chekeni tu.) Alipotazama chini ndipo akili ikamjia kwamba hajui amefikaje pale. Mtoto aliyepanda kwa mikono na miguu yake anayo njia ya kurudi, maana ni ileile aliyopandia: anajua alishika wapi, alikanyaga wapi, tawi lipi lilitikisika. Wangu hakuwa na njia yoyote, alikuwa mzigo uliowekwa juu ya kabati. Akaanza kulia, mimi nikaanza kupiga kelele "Shika vizuri, utaanguka!", utadhani yeye alikuwa hajui. Akaachia tawi kuninyooshea mikono, na mkono wangu mmoja una simu. Akatua kwa kiganja.

Mtoto wa umri huo akitua hivyo, uzito wote unaenda kuishia juu kidogo ya kiwiko, na hapo ndipo mfupa ulipo mwembamba. Daktari hata hakuanza na palipovunjika. Alimshika mapigo ya mkono, kisha akamwambia aunganishe kidole gumba na cha shahada, atengeneze duara. Duara halikutokea. Vidole viligusana vikiwa vimelala, ncha hazikunjiki. Mshipa wa fahamu umeguswa, akaniambia. Tukaingia upasuaji, zikapitishwa waya za chuma kwenye mfupa, juu yake hogo. Duara lilirudi baadaye, taratibu sana. Hela niliyokuwa nadunduliza ya pikipiki iliishia pale, na siku ya kuchomoa waya aliyetakiwa kushikiliwa nilikuwa mimi.

Shemeji alikuja kutupa pole na mfuko wa machungwa. "Ajali haina kinga, shemeji." Kisu cha kumenyea nilimwachia mke wangu, kwa usalama wa ukoo.

Baadaye nilizitafuta mwenyewe hizo habari za Norway. Kuna mtafiti wa huko, Ellen Beate Hansen Sandseter, ambaye mwaka 2007 aliigawa michezo ya namna hii katika mafungu sita: ya kwenda juu, ya kasi, ya zana kali, ya karibu na maji au moto, ya mieleka, na ya kujipoteza mbali na wakubwa. Kote humo mtoto ndiye anayeutafuta huo msisimko. Fungu la saba la baba kunyanyua mtu mpaka juu halimo. Shemeji yangu hakufika ukurasa huo.

Sasa shika hili moja: mtoto asifike juu kuliko anapoweza kujifikisha mwenyewe. Hakuna kunyanyua, hakuna kusukuma matako, hakuna kiti, ndoo wala ngazi. Ngazi ni mikono yako ileile, tofauti yake ni ya mbao. Akikuomba umpandishe, kataa, hata akilia. Akikwama alipopanda kwa nguvu zake, sogea karibu, muulize mguu unaofuata ataukanyagisha wapi, ajishushe. Kazi yako ni yale asiyoweza kuyaona yeye: tawi lililooza, nyigu, vipande vya tofali na chupa chini ya mti. Fagia, mvue kandambili, kisha funga mdomo.

Mdogo wake tumemlea hivyo kwenye mpera wa jirani. Muda mrefu alikuwa anakumbatia shina tu, anateleza, anaenda zake. Sikumgusa. Siku hizi anakaa kwenye panda ya kwanza anatafuna mapera mabichi na kututemea mbegu, mke wangu anamtazama yeye, mimi natazama ardhi.

Na mpera ni mzuri kuanzia, matawi yanaanzia chini na ni magumu kukatika. Mzambarau usithubutu, tawi linakatika bila hata kulia, na mpapai ndiyo kabisa. Uliuliza pia habari za baiskeli na kuogelea baharini, hayo watakujibu wengine. Mimi baiskeli yenyewe sijui kuendesha.