Uvimbe umeisha, aache kidonge kipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 64, aliambiwa moyo wake umepanuka na hausukumi damu vizuri. Alikuwa akilala ameketi, miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Alipewa furosemidi, enalaprili, kavediloli na spironolaktoni. Sasa ni wiki ya sita na uvimbe umekwisha. Anasema kavediloli inamchosha na hizo nyingine haoni kazi yake. Anataka abaki na kidonge cha maji tu, yaani furosemidi. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Asiache, nakuomba.

Furosemidi hupendwa kwa sababu kazi yake inaonekana: mgonjwa anakojoa sana, na ukimbonyeza muundi kwa kidole gumba, kishimo hakibaki tena. Lakini inatoa maji tu. Moyo ukidhoofika, mwili humwaga homoni zinazobana mishipa na kung'ang'ania chumvi, na homoni hizohizo huzidi kuuchosha. Dawa tatu ambazo mama haoni kazi yake ndizo zinazozizuia. Spironolaktoni peke yake, katika utafiti uliotolewa mwaka 1999 kwa wagonjwa waliozidiwa, ilipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 30.

Nilipokuwa mgeni kazini nilimkubalia mzee mmoja abaki na furosemidi, kwa kuwa aliniomba kwa upole. Alirudi akihema, hawezi kumaliza sentensi. Sijakubali tena.

Uchovu wa mama ni wa kweli, usimbishie. Kavediloli huanzishwa kidogo, miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, na kuongezwa taratibu kila baada ya wiki mbili au zaidi. Mara nyingi mwili huizoea. Kuikatisha ghafla ni hatari. Mrudishe kliniki wampime presha na mapigo, na damu kwa ajili ya figo na madini ya potasiamu, maana enalaprili na spironolaktoni zote hupandisha potasiamu. Na uulize hili: kwa kuwa maji yamekwisha, je, furosemidi ipunguzwe? Huenda hicho anachotaka kubaki nacho ndicho cha kwanza kupunguzwa.

Nyumbani apime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula, na aandike. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, msisubiri tarehe ya kliniki. Magoti yakimuuma asimeze diklofenaki wala aibuprofeni, zinarudisha maji na kuumiza figo. Atumie parasetamoli.