Kampuni mbili, biashara moja: je, tusajili ya tatu?

Ndugu, umeuliza kama kampuni yako na ya mwenzako, zinazotaka kufanya biashara pamoja kwa hisa 50 kwa 50, zisajili kampuni ya tatu. Kama mnachokusudia ni kazi moja yenye mwisho unaojulikana, hamhitaji kampuni ya tatu. Mkataba wa ushirikiano unatosha. Ila uandikwe. Katika nchi nyingi, mkianza kugawana faida bila maandishi, sheria yaweza kuwahesabu kuwa wabia, na deni la mwenzako likakufuata wewe. Biashara ikiwa ya kudumu, sajilini kampuni mpya ambayo hizo mbili ndizo wanahisa wake. Hasara kwa kawaida itaishia humo, isipokuwa mmeidhamini mikopo yake.

Kinachonitia wasiwasi ni hizo hisa 50 kwa 50. Mkivutana, hakuna uamuzi unaopita na kazi inasimama. Wekeni kifungu cha kuachana sasa hivi, mngali mnaelewana: mmoja anataja bei ya hisa, mwenzake anachagua kununua au kuuza kwa bei hiyohiyo. Mtaja bei analazimika kuwa mkweli. Kwa kuwa kifungu hiki humpendelea mwenye fedha, toeni muda wa kutosha wa kutafuta mtaji.

Mashine mnazochangia zithaminiwe kabla ya kugawana hisa. Na nembo yako, ipe kampuni mpya kibali cha kuitumia tu, usiihamishie umiliki.